Habari za Denmaki Nilizoziandika

Nilipaswa kukataa asubuhi ile ile, pale pale kwenye mikeka ya kahawa, kabla yule bwana hajazima pikipiki yake. Nilikuwa nimeinama nageuza buni kwa reki. Alisimama ukingoni mwa mkeka, akaangalia buni, akaangalia migomba nyuma ya nyumba, kisha akaniangalia mimi.

"Wewe ndiye mwenye Kiingereza hapa?"

Nikamwambia ni kidogo tu, cha kidato cha nne.

"Kidogo kinatosha. Huyo mzungu wa kanisani, Jumapili anawaambia watu nini?"

"Anafundisha habari za kwao, mzee. Milima, mito, serikali yao, wanavyoishi."

"Habari za kwao zinatuhusu nini sisi?" Akatoa daftari jipya ndani ya koti. "Andika anachosema, nani anauliza, nani anacheka. Nitakuwa napita kila mwisho wa mwezi."

Hakunitisha. Nalisema hili mapema kwa sababu kwa miaka mingi niliwaambia watu kwamba nilitishwa. Hakuinua sauti, hakunionyesha kitambulisho, wala hakuniahidi chochote. Alininyooshea daftari nami nikafuta mikono kwenye suruali ili nisilichafue. Hata jina la ofisi yake sikuuliza. Nilifurahi kwamba hatimaye mtu alikuwa ameona kuwa ninajua kuandika.

Ilikuwa miaka ya themanini mwanzoni, miaka michache tu baada ya vita. Huku kwetu Nyabiyonza, Karagwe, hatukupigwa, lakini tulisikia mizinga upande wa Kyaka, na vita ilipokwisha ilituachia tabia moja: kumwangalia kila mgeni mara mbili. Mtu akipita njiani na begi, watoto walitumwa kumfuata mpaka ajulikane analala kwa nani. Mzungu wetu alikuwa ametoka Denmaki. Kanisa lilimleta afundishe useremala na ujenzi wa matangi ya kuvuna maji ya mvua. Alikuwa mrefu, mwenye magoti mekundu, na alimwamkia kila mtu "shikamoo", hata vijana waliokuja kuomba kibarua. Vijana wakicheka na kuitikia marahaba, yeye anacheka nao. Wazee hawakucheka. Walisema mtu anayemwamkia mtoto ana jambo analolitafuta.

Masomo ya Jumapili yalianza kwa sababu maalumu. Kule kwao kulikuwa na chuo cha watu wazima wa vijijini, mahali ambapo mkulima au fundi anakwenda kukaa nusu mwaka, anasoma, anakula na wenzake, kisha anarudi nyumbani bila mtihani wala cheti. Chuo hicho kiliahidi nafasi moja kwa mtu wa kijiji chetu. Nafasi moja tu. Mzungu akasema atafundisha habari za nchi yake kwa mwaka mzima, ili yeyote atakayechaguliwa asifike kule kama kipofu. Mimi nilikuwa mkalimani wake, maana Kiswahili chake kilikuwa kinakwama kwama. Nilijua nafasi ile ni yangu. Nani mwingine? Wengine waliokuja walikuwa wameishia la saba, au la nne, au hawakusoma kabisa.

Miongoni mwao alikuwamo shemeji yangu, mume wa dada yangu mkubwa. Alikuwa seremala, mtu mwembamba wa maneno machache, aliyezaliwa kijiji cha Ndama, hapa hapa Karagwe, kwa baba aliyevuka kutoka Rwanda kabla ya uhuru. Tuliitana "muramu", kama watu wa kwetu wanavyowaita shemeji zao. Dada yangu ndiye aliyenilea baada ya mama kufa. Aliacha shule darasa la nne ili kahawa ya baba isomeshe mtoto mmoja, na huyo mmoja nikawa mimi. Kiingereza changu, ambacho yule bwana wa pikipiki alikifuata, kilikuwa kimenunuliwa kwa miaka ya dada yangu ya kubeba vikapu vya buni kichwani. Yeye mwenyewe hakuwahi kunikumbusha hata siku moja.

Somo la kwanza lilikuwa ramani. Mzungu alichora ubaoni nchi iliyovunjika vipande vipande: rasi moja inayoelekea juu kama kidole gumba, na visiwa, vikubwa na vidogo, zaidi ya mia nne. Akasema hakuna mahali katika nchi yake yote ambapo mtu anaweza kusimama akawa mbali na bahari kwa mwendo wa siku mbili za miguu. Kisha akachora kilima kimoja, akasema kwa lugha yao kinaitwa Mlima wa Mbinguni. Tukauliza urefu wake. Alipotaja, niliona aibu kutafsiri. Mtu anayetoka mtoni kwetu kuja kanisani na ndoo ya maji hupanda zaidi ya hapo kabla hajapata jasho.

"Huo si mlima," akasema mzee mmoja wa kanisa. "Huo ni kichuguu. Mchwa wa kwetu wangemaliza kabla ya mvua."

Watu walicheka mpaka benchi likaanguka. Mzungu naye alicheka, akasema ndiyo maana alikuja Karagwe, apate kuona mlima. Mimi sikucheka. Jioni niliandika: *Anasema nchi yao haina milima. Anadai walikipa kilima kidogo jina la mbinguni. Haieleweki kwa nini nchi iseme uongo juu ya milima yake. Amesema alikuja Karagwe kuangalia milima.* Ukisoma sentensi hiyo ya mwisho bila kusikia kicheko, inatisha. Nililijua hilo nilipokuwa naiandika, na niliiacha ilivyo.

Hivyo ndivyo nilivyojifunza kazi ile. Sikuongeza neno. Niliondoa kicheko tu.

Somo la serikali ndilo lililonipa kurasa nyingi kuliko yote. Mzungu alisema nchi yao ina malkia lakini malkia hatawali. Anatia sahihi sheria zilizotungwa na wabunge, na hawezi kuzikataa. Wabunge wanatoka vyama vingi, pengine tisa, pengine kumi, na mara nyingi hakuna chama chenye nusu ya viti, kwa hiyo lazima wakae mezani wasikilizane. Alisema waziri anaweza kupita barabarani kwa baiskeli na watu wakamwita kwa jina lake la kwanza tu. Mzee yule wa kanisa, ambaye aliwahi kuona enzi za watawala wetu wa zamani, aliinua mkono.

"Muulize, huyo malkia ana ngoma?"

Nikauliza. Mzungu hakuelewa. Ikabidi nimweleze kwamba kwetu mtawala alikuwa na ngoma zake, na mwenye ngoma ndiye mwenye nchi. Akafikiri, kisha akasema hapana, ana askari wenye kofia ndefu za manyoya ya dubu.

"Basi hana nchi," akasema mzee. "Ana kofia."

Shemeji yangu ndiye aliyeuliza swali lililofuata. Alitaka kujua: ikiwa vyama ni vingi na hakuna mwenye nusu, nani anakubali kushindwa? Mzungu akasema kila mmoja anakubali kidogo. Shemeji akatikisa kichwa polepole, kama fundi anayepima ubao kwa jicho. Nilipoandika jioni, niliandika kwamba mzungu anafundisha vyama vingi, na kwamba shemeji yangu ameonyesha kuvutiwa. Wakati ule nchi yetu ilikuwa na chama kimoja. Niliandika pia majina ya waliocheka juu ya kofia.

Wanawake walikuja kwa wingi siku ya somo la maisha ya nyumbani. Mzungu alisema kule kwao wakati wa baridi jua linazama watoto wakiwa bado njiani kutoka shule, na watu wanawasha mishumaa mezani hata kama umeme upo, kwa sababu tu wanaipenda. Alisema wanakula mkate mweusi mzito kama tofali. Akasema mama anamlaza mtoto mchanga kwenye kigari chake na kumwacha nje ya nyumba, kwenye baridi, alale vizuri, na hata mjini kigari huachwa nje ya duka mama akiwa ndani anakunywa kahawa.

Dada yangu alisimama. "Na fisi?"

"Hakuna fisi."

"Na mwizi?"

"Nani ataiba mtoto?"

"Na wajomba wa huyo mtoto," akasema dada yangu, "wako wapi wakati haya yanafanyika?"

Kina mama wakapiga makofi. Lakini kilichonisumbua mimi ni kitu kingine alichokisema siku hiyo: kwamba kwao mtu hamtembelei mwenzake bila kuahidiana siku na saa. Kwetu mtu anayetaka aambiwe kwanza kabla hujafika ana kitu cha kuficha. Nilianza kumwona mzungu na mke wake kwa jicho hilo. Nilihesabu madirisha ya nyumba yao. Nilitazama taa yao inazimwa lini. Barua zake nilizozipeleka posta Kayanga nilizipima mkononi. Na mara tu nilipoanza kuchunguza, nilianza kuhisi kwamba nami nachunguzwa. Nilimshuku mwalimu wa kwaya kwamba ana daftari kama langu. Nilimshuku mwenye duka. Nikakoma kusema chochote mbele ya watu. Nilitafsiri tu, nikanyamaza.

Kisha ikaja siku ya kahawa. Mke wa mzungu alitualika nyumbani kwao, watu wanane, baada ya ibada. Alileta birika, akatumiminia sisi wageni kwanza, kikombe kimoja kimoja, kwa heshima, kama wafanyavyo kwao. Yeye na mume wake walikaa wakatungoja. Hakuna aliyegusa. Kwetu, awe ni mwenye pombe ya ndizi au mwenye maji, mwenyeji huonja kwanza mbele ya mgeni, ndipo ampe. Hivyo mgeni anajua kwamba hakuna sumu ndani. Mwenyeji asiyeonja, hata kama ni ndugu yako, unamshukuru na kukiweka kikombe chini. Basi tulikaa wanane na vikombe vinane vinatoa moshi, na mama wa watu anatabasamu, na tabasamu linakauka. Mzungu akaniangalia nimsaidie. Ningeweza kusema neno moja tu. Sikulisema, kwa sababu nilitaka kuona watafanya nini.

Shemeji ndiye aliyeinuka. Alichukua kikombe chake, akakipeleka kwa mwenye nyumba, akamwambia kwa Kiswahili cha taratibu: "Kwetu wewe unaonja kwanza, bwana. Halafu sisi wote tunapona."

Mzungu akanywa funda, akajiunguza ulimi. Mke wake akazunguka na kuonja vikombe vyote vilivyobaki, kimoja baada ya kingine, mpaka wote tukawa tunacheka na yeye machozi yanamtoka kwa kucheka. Tukanywa. Tangu siku hiyo nyumba yao ilijaa watu. Kila aliyefika aliona mzungu akionja kwanza, na habari zikaenda mpaka Bugene kwamba mzungu wa Nyabiyonza amekuwa mtu.

Wiki chache baadaye aliniita chini ya kibanda cha useremala akaniambia kwamba nafasi ya chuo amempa shemeji yangu. Nilimuuliza kwa nini. Alisema maneno ambayo nimeishi nayo tangu hapo.

"Kwa mwaka mzima hukuuliza swali hata moja. Nilidhani hutaki."

Nilikwenda nyumbani. Sikumkasirikia mzungu, nilimwonea wivu muramu wangu, aliyekuwa anajifunza kusema "habari za asubuhi" kwa Kidenmaki huku akipiga randa, na dada yangu aliyekuwa anamshonea shati la safari. Dada alikwisha kuwaambia majirani wote. Watoto wao watatu walikuwa wanacheza mchezo wa Denmaki: mmoja analazwa nje kwenye kikapu, wenzake wanaingia ndani kunywa kahawa ya uongo. Ilikuwa imebaki karatasi moja tu, hati ya kusafiria, ambayo wilaya ilipaswa kuipitisha.

Usiku sikulala, na asubuhi nikaandika ukurasa wa mwisho. Niliandika kwamba mume wa dada yangu amemfundisha mgeni namna ya kuaminiwa na wananchi. Niliandika kwamba tangu apate mafunzo hayo mgeni huyo anapokea watu wengi kutoka vijiji mbalimbali. Kisha nikaandika kwamba baba wa mtu huyu alitoka Rwanda.

Hilo la mwisho kila mtu alilijua. Hata wale watoto walilijua. Lakini jambo linalojulikana na watu wote si sawa na jambo lililoandikwa. Linalojulikana watu hulizunguka, kama jiwe la katikati ya shamba. Likishaandikwa, lazima mtu afanye jambo juu yake.

Shemeji aliitwa wilayani akadhani ni hati yake imekuwa tayari. Alivaa lile shati jipya. Hakurudi jioni, wala kesho yake. Walimweka majuma tisa. Walimuuliza alizaliwa wapi na nani alishuhudia. Waliohudhuria kuzaliwa kwake walikuwa wamekufa. Walimuuliza mzungu alimlipa nini kwa yale mafunzo. Naye mzungu kibali chake hakikuongezwa. Aliondoka na mke wake kwenye gari la kanisa, akinipa mkono kwa mikono miwili, akinishukuru kwa kazi yangu ya ukalimani. Nafasi ya chuo ilipita. Shemeji aliporudi alikuwa na karatasi inayosema anaishi nchini kwa ruhusa, inayopaswa kufanywa upya kila mwaka, yeye aliyezaliwa Ndama.

Alikuwa ameonyeshwa kurasa zangu. Mwandiko wangu aliujua. Mimi ndiye niliyekuwa nawaandikia barua zao zote. Alinisalimu njiani kama kawaida, "muramu", akapita. Nikajidanganya kwamba hakutambua.

Dada yangu alikuja siku ya tatu baada ya mumewe kurudi, mapema, nikiwa nachuma kahawa. Hakukaribia. Alisimama upande wa pili wa mibuni.

"Mdogo wangu, nina neno moja la kukuuliza. Ni wewe?"

"Nini?" nikasema.

Aliitikia kwa kichwa, kana kwamba nimemjibu. Ningekuwa sijui, ningeuliza ni nani, au ningelia, au ningekasirika. Niliuliza kile anachouliza mtu anayetaka kupata nafasi ya kufikiri. Nikaanza kusema kwamba walinilazimisha, kwamba yule bwana alikuwa na bastola. Hakuwa na bastola. Alinisikiliza mpaka nikamaliza.

"Nilikubeba mgongoni," akasema. "Hukuwa mzito hivi."

Kabla ya msimu kwisha waliuza shamba lao wakahamia Kyerwa, huko chini karibu na mto, wakafyeka pori upya. Watu wa kijiji waliambiwa wanafuata ardhi yenye rutuba. Yule bwana wa pikipiki alipita mara mbili zaidi, kisha hakupita tena. Hakuna aliyelitaka daftari la pili. Sijui hata leo kama kuna mtu mkubwa aliyewahi kusoma kile nilichokiandika, au kama lilikuwa ni jambo la karani mmoja tu aliyekuwa na faili la kujaza.

Ilipofika miaka ya tisini, redio ilitangaza kwamba nchi yetu nayo itakuwa na vyama vingi. Watu wa kwetu walibishana juu yake kwenye vilabu vya pombe, kwa sauti, mchana kweupe, na hakuna aliyeandika. Nilikaa nikawasikiliza wakiuliza lile swali la shemeji yangu, nani atakubali kushindwa, wakilidhani ni jipya.

Mwaka huo nilichukua baiskeli nikaenda Kyerwa. Nilimkuta shemeji kando ya njia akipasua mbao. Alikuwa amezeeka, lakini alisimama akanipokea baiskeli, akaniuliza habari za mvua, akaniambia mtoto wake wa kwanza amekuwa fundi. Nilimwomba radhi. Aliniambia amekwisha kunisamehe zamani, kwamba na yeye alikuwa na hofu miaka ile na hajui angeandika nini angepewa daftari. Sikuamini. Bado sina hakika kama alisema kweli au alitaka niondoke salama. Kisha akaingia ndani kumwambia dada yangu kwamba nimefika. Alikaa huko muda mrefu. Alipotoka alikuwa peke yake, akasema jua linakwenda, na njia ni ndefu.

Nilirudi mara nne katika miaka iliyofuata. Mara zote nne dada yangu alikuwa ndani, na mara zote nne hakutoka. Nilisikia anavyokohoa. Nilisikia akimwita mjukuu. Alipougua sikuambiwa, na alipokufa mjumbe alifika kwangu siku mbili baada ya maziko. Nilimuuliza kwa nini amechelewa. Akasema hakuchelewa, alitumwa siku ile ile aliyopangiwa, na aliyepanga ni marehemu mwenyewe.

Sikupata safari ya Denmaki, wala cheo, wala ahsante. Hayo ningeweza kuishi bila kuyapata. Kukubali kwangu kwa asubuhi ile kulinigharimu dada yangu, mtu pekee aliyenilea. Aliishi mwendo wa siku moja kwa baiskeli kutoka kwangu zaidi ya miaka kumi bila kusema nami neno lolote, na alizikwa mimi nikiwa shambani napalilia, sijui kitu.